Maswali na Majibu: Usukani wa Hewani na Kijiti cha Pedi

Maswali yaliyonifikia safari hii karibu yote yanahusu gemu za mbio za magari, na mengi yanalinganisha njia mbili za kukata kona: kuinamisha pedi (kifaa cha kuchezea kinachoshikwa kwa mikono miwili) yenye kihisi mwendo, au kusukuma kijiti kilicho juu yake kwa dole gumba.

Kati ya kuinamisha pedi na kutumia kijiti, ipi ni bora?

Swali hili huja kila mara bila jina la gemu wala la mashine, na likija hivyo halijibiki. Anayecheza Mario Kart sebuleni na wanawe hahitaji kile anachohitaji mtu anayesaka sehemu ya kumi ya sekunde katika Gran Turismo. Tafadhali tajeni gemu, mashine na jambo lililowashinda. Kwa anayetaka neno moja tu: kwa usahihi, kijiti. Sababu yake nimeieleza katika jibu la nne.

Nimenunua Wii, ile mashine ya gemu ya Nintendo, iliyotumika pamoja na usukani wake mweupe. Nikiulaza mapajani kama usukani wa basi, gari halikati kona. Fundi anasema usukani umeungua na anataka kuufungua. Nimruhusu?

Usimruhusu, na usimlipe chochote. Usukani ule, uliouzwa pamoja na Mario Kart Wii mwaka 2008, ni ganda la plastiki lisilo na waya, betri wala kihisi, kwa hiyo hauna cha kuungua. Kazi yote inafanywa na rimoti unayoipachika katikati yake. Ndani ya rimoti hiyo mna kihisi kinachopima mvuto wa dunia unaivuta kuelekea upande gani. Ukiusimamisha usukani mbele ya kifua na kuuzungusha, upande mmoja unashuka na mwingine unapanda, mvuto unabadilisha upande, na mashine inajua umegeuza kiasi gani. Ukiulaza mapajani, upande wa chini unabaki chini hata ukiuzungusha mchana kutwa, na kihisi hakioni mabadiliko yoyote. Kifaa cha nyongeza chenye uwezo wa kupima mzunguko, MotionPlus, kilitoka mwaka 2009, gemu yako ikiwa tayari imeshauzwa kwa mwaka mzima, nayo haikitumii. Usimamishe usukani, ukae wima, na tatizo litaisha.

Hukuniuliza hili, lakini nitalisema kwa sababu linawapotosha wengi. Wanaolalamika kwamba usukani huo unawachelewesha mara nyingi wamechagua hali ya kuserereka (kupita konani kwa kuteleza) kiotomatiki, na hali hiyo haitoi ule msukumo mdogo wa kasi anaoupata dereva anayeserereka kwa kubonyeza kitufe mwenyewe. Wanashindwa kwa sababu ya chaguo walilolifanya kabla ya mbio, kisha wanaulaumu usukani. Badilisha hali hiyo kwanza ndipo uhukumu. Ukiona bado hauelewani na usukani, gemu hiyo inapokea pia pedi ya GameCube, mashine ya Nintendo iliyoitangulia Wii.

Binti yangu ana miaka sita na anacheza Mario Kart 8 Deluxe kwa kuinamisha. Nashangaa kwamba hata akiiweka pedi kochini gari linakata kona lenyewe. Je, hiyo ndiyo kazi ya kihisi?

La, mama. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mchezo huo wa mwaka 2017 unayawasha na kuyazima kila moja peke yake. Kuinamisha ni njia ya kukata kona, ilhali kinachomzuia asitoke barabarani ni msaada wa usukani, ambao unautambua kwa antena ndogo inayoonekana nyuma ya gari. Ushauri wangu ni umwachie kuinamisha, kwa kuwa mtoto wa umri huo anageuza mikono kwa urahisi zaidi kuliko anavyopima nguvu ya dole gumba, lakini msaada umwondolee mara atakapomaliza mbio bila kulia. Mtoto anayeachiwa msaada huo kwa miezi mingi hajifunzi kona hata moja, na siku utakapozimwa ataona kama ameibiwa. Zaidi ya hayo, msaada unamziba njia za mkato ambazo wenzake wanazipita.

Natumia PS5 na Gran Turismo 7. Nilijaribu kuinamisha kwa jioni moja, nikashindwa kabisa, lakini rafiki yangu anasema ndiyo njia iliyo karibu zaidi na gari la kweli. Nani yuko sahihi?

Rafiki yako ana hoja, lakini ameipima kwa kipimo kisicho sahihi. Mwendo wote wa kijiti kutoka katikati hadi mwisho ni mfupi kuliko upana wa dole gumba lenyewe, na ndani ya umbali huo dereva anatakiwa aeleze kila kitu, kuanzia kurekebisha njia kidogo tu hadi kugeuza usukani wote. Waundaji wa gemu wanalifahamu jambo hili, na kwa kawaida hawaupeleki mwendo wa kijiti moja kwa moja kwenye magurudumu, bali wanaupunguza makali, hasa gari likiwa katika kasi kubwa. Mikono miwili inayoinamisha pedi ina nafasi pana zaidi ya kupimia. Hapo rafiki yako amesema kweli.

Alichokisahau ni katikati. Ndani ya kijiti mna springi: ukiachia, kinarudi mahali pake, na dole gumba linajua bila kuuliza macho kwamba magurudumu yamenyooka. Pedi iliyoinuliwa hewani haina kitu cha kuirudisha. Mkono unadhani umenyoosha kumbe umeinama kidogo, macho yanaona gari linakwenda kando, ndipo mkono unasahihisha, mara nyingi kupita kiasi. Usukani wa gari la kweli una nguvu inayoukokota kurudi katikati, kwa hiyo katika jambo hili, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, kijiti kidogo kiko karibu na gari la kweli kuliko pedi inayozungushwa hewani. Makampuni yamekuwa yakitangaza kuinamisha kama uendeshaji wa kweli tangu enzi za PS3, na wanunuzi wameyapokea maneno hayo bila kuyapima. Inaniuma, kwa sababu wengi wanaoshindwa huamini kwamba wao ndio wenye kasoro.

Nenda Suzuka, uwanja wa mbio wa Japani uliomo katika gemu hiyo, ujionee. Katika zile kona za S baada ya kuanza, ambapo gari linavuka kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi upesi, anayeinamisha analazimika kuipita katikati asiyoihisi mara kadhaa mfululizo, na huko ndiko anakopoteza muda. Ukifika Spoon, kona ndefu ya kushoto, hali inageuka, kwa maana ni rahisi zaidi kushikilia mwinamo mmoja wa mikono kuliko kukizuia kijiti nusu ya njia huku springi ikikisukuma. Jioni moja haitoshi kuhukumu. Chukua gari moja ulizoee, punguza wepesi wa kihisi, uegemeze viwiko, na mwisho ulinganishe mzunguko wako mbaya wa kila njia, kwa kuwa mzunguko bora unaweza kuwa bahati. Washa pia hali ya gemu katika runinga yako. Picha ikichelewa inamuumiza kila mchezaji, lakini anayeitafuta katikati kwa macho peke yake inamuumiza maradufu.

Na uhakikishe pedi yako ni halisi. Pedi nyingi za bei ya kutupa zinafanana na halisi kwa nje lakini ndani hazina kihisi chochote.

Nawezaje kuwasha kuinamisha katika Forza nikiwa na pedi ya Xbox?

Huwezi, kwa sababu pedi za Xbox hazina kihisi hicho. Forza Motorsport 4 ya mwaka 2011 iliruhusu kunyoosha mikono mitupu mbele ya kamera ya Kinect, lakini mafuta na breki viliendeshwa na gemu yenyewe, na dereva asiyegusa breki ninamhesabu kuwa abiria.

Nikicheza Asphalt kwenye simu nikiwa nimelala kitandani, gari linavuta upande mmoja.

Kaa wima. Simu nayo inaufuata mvuto wa dunia, kama ile rimoti ya Wii.

Je, niachane na yote haya nikanunue usukani wa Logitech G29?

Ikiwa unacheza gemu kama Gran Turismo mara kwa mara na una meza imara, ndiyo. Unazungushwa nyuzi 900 kutoka mwisho hadi mwisho, na mota zake zinaurudisha katikati na kukupa uzito wa magurudumu mikononi, jambo ambalo pedi ya namna yoyote haiwezi. Usidanganywe na usukani wa bei nafuu usio na mota, maana nyingi zinarudi katikati kwa springi au mpira tu, na hapo utakuwa umelipia kijiti kikubwa. G29 ni ya PlayStation na kompyuta. Kwenye Xbox haifanyi kazi, na wa huko ni G920. Ukinunua uliotumika, dai uwashwe mbele yako: mara tu upatapo umeme unapaswa kujizungusha wenyewe pande zote mbili. Usipojizungusha, au ukikwaruza njiani, mrudishie muuzaji.