Maswali na Majibu: Nati Ikigoma, Nyundo Isubiri

Maswali mengi safari hii yametoka mwambao, na si ajabu. Hewa ya chumvi inakula chuma haraka, na magari yetu mengi yalishatembea miaka kadhaa Japani kabla ya kushushwa bandarini.

Kaka fundi, nati za tairi la nyuma za IST yangu zimekataa kabisa. Nimesimama juu ya spana ya tairi mpaka ikapinda. (Msomaji, Kigamboni)

Shuka kwanza, ndugu yangu; spana ikichomoka itakuumiza. Nati ngumu hulegezwa tairi likiwa limekanyaga ardhi na breki ya mkono imevutwa, si gari likiwa juu ya jeki. Sugua kutu kwa brashi ya waya, pulizia mafuta ya kulegeza kutu kidogo tu yasiingie kwenye breki, uyaache usiku kucha. Kisha tafuta spana boksi namba 21 yenye kona sita. Ile ya kona kumi na mbili inakula kona za nati. Ongeza bomba la chuma kwenye mpini, ikaze nati kidogo sana, halafu ifungue. Mara nyingi kutu hukatika kwenye ule mtikisiko wa kwenda na kurudi.

Lakini kutu mara nyingi inasingiziwa. Kuna gereji zinakaza nati kwa mashine ya upepo bila kipimo chochote, wakati nati za IST zinataka Nm 103 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Ukifungiwa tairi, omba zimaliziwe kwa spana ya mkono ukiwa umesimama hapo unaangalia.

Nataka kubadilisha breki shuu za nyuma za Probox, drami haitoki. Kijana wa mtaani anataka kuigonga. (Msomaji, Tanga)

Mwambie asubiri! Drami, lile bakuli linalofunika shuu, ni chuma cha kumimina, ukingo wake ukigongwa vibaya unapasuka. Tazama uso wake, katikati ya stadi za tairi (zile bolti zinazoshika nati): kuna matundu mawili madogo yenye hesi, yaani mikato ya kuzungushia bolti. Toyota waliyaweka kwa kazi hii hii. Weka mawe kwenye tairi za mbele, gari likae juu ya stendi, achia breki ya mkono. Chukua bolti mbili za milimita 8, hesi ya 1.25, zianze kwa vidole, kisha kaza moja robo mzunguko, uhamie nyingine robo. Zikigota kwenye habu, kile kitovu kinachobeba tairi, zitaisukuma drami nje, polepole na sawasawa.

Ikisogea kidogo kisha ikang'ang'ania, shuu zimechimba mfereji ndani na ukingo umezinasa. Nyuma ya sahani ya breki kuna kizibo cha mpira. Kitoe, ingiza bisibisi, zungusha kile kirekebisho chenye meno mpaka shuu zirudi ndani. Vumbi utakalolikuta liloweshe kwa maji, usilipulize: shuu za zamani huweza kuwa na asbesto, na hiyo inaua mapafu.

Mafuta ya breki yanalegeza kutu? (Msomaji, Unguja)

Kidogo, na yanababua rangi ya gari. Heri mafuta ya taa, ukiwa na subira na huna moto karibu.

Plagi moja ya Vitz imezunguka nusu ikagoma. (Msomaji, Morogoro)

Acha hapo hapo. Kichwa cha injini ni aluminiamu. Ukilazimisha, hesi zitatoka pamoja na plagi. Injini ipoe kabisa. Puliza utoe mchanga ulio shimoni, dondoshea mafuta ya kutu, kisha irudishe ndani kidogo, itoe kidogo, ukiongeza mafuta kila inapolia. Mpya ianze kwa vidole.

Bolti ya egzosi imekatika kichwa. (Msomaji, Mombasa)

Peleka kwa fundi wa kuchomelea. Ataweka nati juu ya kisiki na kuichomelea kwa ndani. Joto lenyewe hulegeza kutu. Waya hasi wa betri utolewe kwanza. Na nakusihi, pasipuliziwe dawa ya kusafishia breki kabla ya moto: baadhi zina klorini, na moshi wake ni sumu inayoua.

Nikishafungua, nipake grisi? (Msomaji, Kigamboni)

Kwenye uso wa habu, ndiyo, utando mwembamba. Kwenye hesi za nati za tairi, hapana: zikiteleza utazikaza kupita kipimo bila kujua, na stadi itavutika mpaka ikatike. Zirudishe safi na kavu, uzikague tena baada ya kilomita 100 hivi.