Maswali ya Wasomaji: Saa Tatu Kasorobo

SWALI: Mhariri, salaam. Mwanangu wa darasa la tatu wiki hii anafundishwa kusoma saa. Katika zoezi moja, mshale mfupi ulikuwa karibu na 9 na mrefu ulikuwa kwenye 9. Akaandika “saa tatu na dakika 45” na kukosa. Nilipotaka kumsaidia kwa simu yangu, inayoonyesha 8:45, nikachanganyikiwa zaidi yake. Nimwelekezeje?
Mzazi, Morogoro

JIBU: Mzazi mwenzetu, kosa la mwanao ni la mtoto anayetazama vizuri. Ameuona mshale mfupi unakaribia 9, yaani saa tatu, ila hajazoea kwamba saa haihesabiwi mpaka mshale huo uifikie. Jibu ni saa mbili na dakika 45, au saa tatu kasorobo. Neno “kasorobo” ndilo linalowatatiza wengi, kwa kuwa linataja saa ambayo bado haijafika. Mwambie kwamba imepungua robo, yaani dakika 15, ili saa tatu itimie. Mkiwa na saa ya ukutani, izungusheni kwa mkono kutoka saa mbili hadi saa tatu, polepole, aone mishale yote miwili ikitembea pamoja.

Simu iwekeni kando kwa sasa. Saa yetu huanza kuhesabiwa alfajiri na tena magharibi, na hesabu hiyo inatufaa kwa sababu tuko karibu na Ikweta, ambako usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima. Simu huanza kuhesabu usiku wa manane, ndiyo maana zinatofautiana kwa saa sita: ikiandika 8:45 asubuhi, ondoa sita kwenye saa, upate mbili; ikiandika 13:00, upate saba mchana. Dakika haziguswi kamwe. Wapo watoto ambao, wakishafundishwa kusoma namba iliyo mkabala na mshale mfupi, huufanyia hivyo hata ule mrefu, na saa moja na dakika 10 ikageuka kuwa saa moja na dakika 40.

Msisitize pia aandike asubuhi, mchana, jioni au usiku, maana saa tatu ziko mbili kwa siku, na mwalimu ana haki ya kupunguza alama kwa jibu lisilosema ni ipi.

Huenda akawasikia wazee wakiuita usiku unaofuata Alhamisi “usiku wa Ijumaa”. Hawajakosea, kwani katika hesabu yao siku mpya huingia jua linapozama, ilhali tarehe ya simu hubadilika saa sita usiku. Hilo, hata hivyo, lisubiri hadi kasorobo imkae.