Bi mkubwa na meno ya bandia: msikimbilie kung'oa yaliyobaki

Mkuu, umeuliza kama bi mkubwa, aliyebakiwa na meno manne ya chini, ang'olewe yote ili awekewe seti nzima ya bandia. Mimi navaa ya juu yote na ya chini baadhi, miaka kadhaa sasa, na jibu langu ni hapana, kama hayo manne bado ni imara.

Ya juu hayasumbui sana. Kaakaa ni pana, mate yakikaa kati ya plastiki na ufizi yanashika yenyewe. Chini kuna ukingo mwembamba tu, na ulimi unasukuma kila unapoongea au kumeza. Meno ya asili, hata mawili, ndiyo yanayobeba vile vishikizo vya waya. Tena jino likishatoka, mfupa wake huanza kusinyaa, na mwaka wa kwanza ndio unaopungua zaidi. Nendeni kwa daktari wa pili kabla ya kukubali.

Daktari akithibitisha kwamba lazima yatoke, ulizeni kuhusu kusubiri. Kwa kawaida ufizi huachwa miezi miwili mitatu unywee ndipo vichukuliwe vipimo vya seti ya kudumu. Yapo ya kuvaa siku ileile ya kung'oa na yanaficha pengo vizuri, ila baadaye hulegea na kuhitaji kujazwa upya kwa ndani.

Siku ya vipimo atawekewa trei yenye uji mzito unaoganda mdomoni. Ainamishe kichwa mbele na apumue kwa pua, kichefuchefu kitapungua.

Hatua ya kutoharakisha kabisa ni ya kujaribu meno yakiwa bado kwenye nta, maana hapo fundi anaweza kusogeza jino lolote. Bi mkubwa ashike kioo, acheke, ahesabu kwa sauti kuanzia sitini hadi sabini, na wewe usikilize kama "s" inapiga mluzi. Midomo ikutane bila kujilazimisha. Bebeni picha yake ya zamani akitabasamu. Na kama alikuwa na mwanya, semeni! Mimi niliomba wangu urudi, fundi akauacha, na ndugu zangu wakanitambua usoni.

Akishakabidhiwa, vidonda vitatokea, ni kawaida. Asiyakwangue meno hayo kwa msasa wala kisu. Arudi kwa daktari, na siku moja kabla ayavae ili sehemu inayouma ionekane. Aanze na mtori, wali na samaki. Nyama ikatwe ndogo na atafune pande zote mbili kwa pamoja, kwa sababu aking'ata kwa meno ya mbele, nyuma yatanyanyuka. Mahindi ya kuchoma asahau kwanza.

Usiku ayavue ayalaze kwenye maji ya kawaida. Ya moto yanayapinda. Kulala nayo huleta fangasi, kaakaa linakuwa jekundu. Aoshe kwa brashi laini na sabuni, juu ya beseni lenye maji, yakiponyoka yasivunjike.

Kama mko Dar, pale Muhimbili kuna shule ya udaktari wa meno ya MUHAS, chuo kikuu cha afya, anzeni kuulizia huko. Popote mtakapokwenda, kabla ya kulipa hakikisheni bei inajumuisha marudio ya kurekebisha, na iandikwe kwenye risiti.