Barua kwa mwanangu: kusinzishwa au nusu kaputi

Mwanangu, voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Unauliza siku ya kutoa ile stenti waliyokuwekea baada ya jiwe la figo, kale kampira kembamba ka kupitishia mkojo toka kwenye figo, ukubali dawa ya kusinzia tu au udai nusu kaputi kamili, maana unaogopa kuhisi kamera inapita kwenye njia ya mkojo. Nakuelewa baba, hata marehemu baba'ako alikuwa hivyohivyo.

Ukisinzishwa wanakupitishia dawa kidogokidogo mshipani, midazolamu au propofoli, unapumua mwenyewe, wakikuita unaitika japo baadaye hukumbuki kitu. Nusu kaputi ni habari nyingine, huamki hata ukifinywa na pumzi yako anaishikilia mtu mwingine, mara nyingi na mpira kooni, ndo maana wengine wanaamka koo linauma na kichefuchefu juu. Jiwe lilipovunjwa kwa leza ilibidi ulale kabisa, pale ungeshtuka kidogo tu ungeumizwa mrija wa mkojo unaotoka kwenye figo. Ila kutoa stenti ni dakika chache, wanaishika wanaivuta basi, wengi wanatolewa kwa jeli ya ganzi tu. Uliza kamera yao ni ile laini inayopinda au ya chuma. Ya chuma kwa mwanaume inauma, hapo usijitie ushujaa.

Halafu usidhani kusinzishwa hakuna hatari. Usingizi mwepesi unaweza ukateleza ukawa mzito bila mtu kukusudia, na wewe unakoroma mpaka pumzi inakata, mkeo kaniambia, hilo waambie mapema! Nilipokuwa nesi wa usingizi niliwahi kuona daktari anachoma dawa mwenyewe huku kashika kamera, tulikuja kushtuka kucha za mgonjwa zimekuwa za bluu. Alipona, lakini mpaka leo mimi naulizaga kwanza nani anaangalia pumzi, na awe hana kazi nyingine.

Na njaa ni ileile hata kama unasinzishwa tu, chakula mwisho masaa 6 kabla, maji matupu masaa 2, na chai ya maziwa ni chakula usiniletee ujanja. Gari usiguse mpaka kesho yake.

Ningekuwa mimi ningechukua jeli na kusinzishwa kidogo. Ukipewa tarehe nijulishe nipande basi, nitakusubiri hapo nje na chupa ya uji.

Mama