Maswali yenu: Kifaa cha paji la uso, hina na uji wa alfajiri

*Mama atapasuliwa moyo. Tumeambiwa atabandikwa vifaa kwenye paji la uso vya kupima oksijeni ya ubongo. Kile kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakitoshi? (Area C, Dodoma)*

Hakitoshi. Chukulia oksijeni ni magunia kwenye soko la mahindi Kibaigwa: cha kidoleni kinahesabu magunia yanayoingia, cha paji la uso kinahesabu yaliyobaki wanunuzi wakishachukua chao, maana sehemu kubwa ya damu kinayoisoma ni ile inayorudi kutoka ubongoni. Kidole kinaweza kusoma 99 na ubongo una njaa: presha imeshuka, shingo imepinda, damu ni pungufu, au mgonjwa anapumulishwa haraka mno hadi mishipa ya kichwani inajibana. Tena cha kidoleni kinategemea mapigo. Moyo ukisimamishwa na mashine ikaanza kusukuma damu, hakuna mapigo ya kusoma. Cha paji la uso kinaendelea na kazi.

Namba ya cha paji la uso huwa kati ya 60 na 80 hivi, ila inayotazamwa zaidi ni ya mama mwenyewe kabla hajapewa nusukaputi. Ikishuka kwa asilimia 20 kutoka hapo, daktari wa usingizi anaanza kutafuta mchawi. Kwa hiyo msiulize tu kama mashine ipo. Ulizeni nani atakaa kichwani kwake kuitazama.

*Kifaa cha paji la uso husoma kwa kupitisha mwanga kichwani. Huo mwanga hauunguzi ubongo? (Manyoni)*

Hapana. Jua la Manyoni linakupiga na mwanga wa aina hiyo kila mchana, mwingi kuliko huo.

*Mdogo wangu ana hina nyeusi ya harusi na anapasuliwa wiki ijayo. Kuna shida? (Kondoa)*

Hina tena! Ile nyeusi na rangi ya kucha huvuruga namba ya kidoleni. Rangi ifutwe nyumbani. Hina haifutiki, basi semeni mapema kifaa kibanwe kwenye ndewe ya sikio. Na sisi wenye ngozi nyeusi tujue kwamba kifaa hicho wakati mwingine hututilia chumvi, kikaonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 uliliweka wazi.

*Mzee alipasuliwa nyonga, siku ya pili akawa anaita marehemu. Ni kwa kukosa hicho kifaa cha paji la uso? (Mpwapwa)*

Poleni. Wazee wengi huchanganyikiwa baada ya upasuaji, na ushahidi kwamba kifaa hiki huzuia hali hiyo bado ni dhaifu. Mwambieni nesi leo, msingoje: yaweza kuwa maambukizi, maumivu, mkojo uliobana au dawa. Mpelekeeni miwani yake, mmoja wenu akae naye. Halafu nijibuni nanyi: mzee anakunywa pombe kila siku, na mlimficha daktari? Mnywaji akikatishwa ghafla huweweseka vivyo hivyo. Familia zinaficha pombe na dawa za kienyeji, kisha zinaidai mashine.

*Uji wa uwele alfajiri kabla ya upasuaji si unaruhusiwa, maana si chakula? (Chamwino)*

Uji ni chakula. Acheni muda wa saa sita kabla ya upasuaji; maji matupu, muda wa saa mbili kabla.