Kabla ya Kupambana, Pambanua

Dar es Salaam ukilalamika kidogo tu, jibu liko tayari: "Pambana na hali yako." Nimeambiwa hivyo kituoni, kazini, hata na mdogo wangu. Mimi leo nalitetea neno jirani yake, lililonifaa zaidi: kupambanua.

Mwaka juzi mwenye nyumba wangu pale Sinza alipandisha kodi, akaitaka ya miezi 6 kwa mkupuo. Wiki nzima usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Nikaazimia kuhamia Kigamboni, ng'ambo ya maji, tena kwa shari. Nikamsimulia mama mmoja ninayefanya naye kazi, mtu wa Tanga. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema: "Mwanangu, umenipa mambo manne kwa pumzi moja. Hebu yapambanue kwanza."

Nikageuza risiti ya umeme wa luku, nikaandika nyuma yake: pesa ya kodi. Maneno aliyonijibu mwenye nyumba mbele ya wapangaji wenzangu. Nauli na foleni ya pantoni kila asubuhi. Shule ya mtoto. Kumbe pesa ilipungua kidogo tu. Kilichoniunguza ni yale maneno. Nilikuwa tayari kumhamisha mtoto shule kwa sababu ya fedheha ya uani!

Neno lenyewe limejengwa kama fungua kutoka funga, au zibua kutoka ziba. Mashua mbili zikigongana na kunasana, zimepambana. Kupambanua ni kuzitenganisha, kila moja ijulikane mwanzo na mwisho wake. Wapo wanaosema "nipambanulie" wakimaanisha "nieleze", na si kosa. Ila kwa maelezo tunalo kufafanua, na huko kunamhusu msikilizaji. Kupambanua kunaanza kwako, kabla hujafungua mdomo. Vikao vingi vinarefuka kwa sababu mtu anaombwa afafanue jambo ambalo yeye mwenyewe hajalipambanua.

Dalili ninayoitegemea ni neno "isitoshe". Ukijisikia unasema "isitoshe" mara ya pili katika lalamiko moja, simama hapo. Umeshaingia jambo jingine. Chukua karatasi, kila jambo lipe mstari wake, kisha uliza kila mstari: hili linamalizwa na nani, kwa kitu gani?

Mimi kodi niliomba kulipa kwa awamu mbili, mwenye nyumba akakubali. La maneno nilimfuata siku nyingine, jioni, tukalizungumza barazani bila kugusa pesa.