Mbwa wa Mlinzi Hahitaji Mnyororo wa Kutwa

Nyumba nyingi za Mwanza zimejengwa juu ya mawe, na mbwa wa nyumba hizo mara nyingi anafungwa hapohapo kwenye mawe, mnyororo wa mita moja na nusu, tangu akiwa mtoto. Ukiuliza sababu utaambiwa asipofungwa hawi mkali. Hilo si kweli, na anayelipa ni mbwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia, lakini hata bila sheria, mtu akikaa naye siku moja ataona.

Ulinzi wenyewe pia unaharibika. Mbwa wa mnyororo hubwekea kila kitu: muuza dagaa, bodaboda, paka, jani la mwembe likianguka. Baada ya muda hakuna anayeamka akimsikia. Na kwa kuwa akiogopa hawezi kukimbia, inabaki kung'ata tu. Anayekuwa karibu ni mtoto anayempelekea chakula, wala si mwizi.

Kumlisha pilipili ili awe mkali kunamuunguza tumbo na hakuna kingine. Kumfungia kwenye sanduku la giza mchana kutwa chini ya bati ni kumchoma.

Siku ambayo lazima afungwe, labda una mafundi na geti liko wazi, usimfunge kwenye nguzo. Atazunguka, mnyororo utajikunja hadi ufupi wa mkono, naye atashinda amesimama. Tandaza waya imara wa mita 8 au 10 kati ya nguzo mbili, pitisha pete, kisha funga mnyororo mwepesi kwenye pete hiyo. Upime kabla: usifike ukutani wala kwenye ukingo wa jiwe. Mbwa akiruka upande wa pili anajinyonga, na kwenye miteremko yetu ni rahisi mno. Mkanda wa shingoni uingize vidole viwili. Kwa mtoto wa mbwa ukague kila wiki, kwa sababu shingo inanenepa na mkanda unabaki uleule, unakata ngozi, nzi wanataga, na unakuja kushtuka kwa harufu. Angalia na kivuli: mwembe uliomfunika saa 2 asubuhi, saa 8 mchana umeshamwacha juani, na jiwe limekuwa kikaango.

Banda liwe na sakafu iliyoinuliwa angalau sentimita 15, maana mvua za vuli na masika hushuka mlimani kama mto na kulala kwenye matandiko yake. Chini ya bati weka nyasi au mbao. Maji yawe kwenye chungu kizito asichoweza kukipindua. Mbwa wa kilo 20 hunywa lita moja na zaidi kwa siku, joto likizidi ataongeza.

Chakula ndicho watu wanachokosea bila kujua. Ugali mtupu na mchuzi haumtoshi. Kwa mbwa huyo wa kilo 20, gramu 200 za unga wa dona na gramu 100 za dagaa wakavu, zikigawanywa asubuhi na jioni, ni kianzio kizuri. Kisha mtazame mbavu. Ukizipapasa bila kubonyeza sana, na hazionekani kwa mbali, umepatia. Dagaa wa kuanikwa mchangani waloweke, wakoroge, uwatoe kwa juu ili mchanga ubaki chini, urudie mara tatu. Usitie chumvi wala vitunguu. Vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Mapanki, yaani mabaki ya sangara baada ya kukatwa minofu, yanafaa ukiyachemsha na kuchambua nyama, lakini mifupa ya sangara iliyopikwa itupe mbali, inachoma koo na utumbo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ianze akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka, na kadi uitunze. Akimng'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Dawa ya kupe ya kuogeshea ng'ombe usimpake kwa kipimo cha ng'ombe, na paka wa nyumbani asiiguse kabisa. Dawa nyingi za namna hiyo zinaua paka. Jike uliyemwacha bila kuhasiwa huingia joto karibu mara mbili kwa mwaka, na watoto usiowataka ndio wanaoishia dampo. Zungumza na daktari wa mifugo akifika miezi 6.

Kama huna nafasi, muda wala chakula cha kila siku, weka taa na geti zuri. Ni haki zaidi kuliko mbwa.

Mbwa aliyefungwa miaka mingi usimfungue ghafla mchana. Anza jioni baada ya kula, geti limefungwa, watoto ndani, dakika 10 tu. Shika dagaa mkononi, umwite jina moja lilelile, umpe akija, wala usimkimbize. Siku za mwanzo atakimbia ukuta hadi ukuta bila kukusikia. Mwache akimbie hadi achoke, ndipo umwite tena.